Kikasha cha barua pepe cha mzazi kimejaa? Namna ya kukisafisha bila kupoteza stakabadhi

Kikasha cha barua pepe kilichojaa hakina kelele. Simu ya mwenyewe huendelea kuita, jumbe za WhatsApp huingia kama kawaida na pesa za M-PESA hupokewa bila tatizo. Kinachokoma ni barua. Aliyeandika hurudishiwa taarifa kwamba ujumbe wake haukupokewa, na mara nyingi mwandishi huyo ni mtambo wa kompyuta ambao hautapiga simu kuuliza kulikoni. Mwenye anwani haambiwi ni barua ipi iliyogeuzwa mlangoni.

Hali hii huwapata sana wazee na wazazi wastaafu. Wengi wao walifunguliwa anwani ya barua pepe miaka iliyopita katika saiba, siku walipokwenda kutafuta PIN ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA). Tangu siku hiyo anwani hiyo imeandikwa kila mahali: kwenye iTax, kwenye eCitizen, katika Sacco, benki, bima na fomu za basari za wajukuu. Mwenyewe huifungua kwa nadra, pengine haifungui kabisa.

Ubaya wake hujitokeza siku ya haja. Mstaafu akisahau nywila ya iTax, njia ya kupata nyingine hupitia katika barua pepe iliyosajiliwa. Kikasha kikiwa kimejaa, ujumbe huo hauingii na mlango wa iTax unabaki umefungwa. Ikiwa ni wiki ya mwisho ya Juni, hilo si jambo dogo: siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya mapato ya mwaka uliotangulia ni 30 Juni, na anayechelewa hutozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Ndivyo ilivyo pia kwa mwito wa mahojiano ya kazi, barua ya pensheni au ilani ya kulipia kibali cha biashara.

Kwa hivyo, kijana anayeambiwa na mama yake "hebu nisafishie hii simu" amekabidhiwa kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya kwa mpango, kwa kutumia Gmail kama mfano kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na watu wengi.

Kwa nini hujaa

Google humpa kila mwenye akaunti nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nafasi hiyo haitumiwi na barua pekee. Gmail, hifadhi ya faili ya Google Drive na picha za Google Photos zote hula katika sahani moja. Hadi mwaka 2021, picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa. Kuanzia 1 Juni 2021, kila picha na video mpya inayohifadhiwa huko huhesabiwa. Hifadhi ya mazungumzo ya WhatsApp kwenye simu za Android nayo sasa huhesabiwa katika nafasi hiyo hiyo.

Hesabu ndogo inaonyesha tatizo lilipo. Barua ya maneno matupu inaweza kuwa na uzito wa kilobaiti 50 hivi. Barua za namna hiyo zingehitajika kama 300,000 ili kujaza gigabaiti 15. Lakini barua moja yenye kiambatisho cha megabaiti 25, kiwango cha juu kabisa ambacho Gmail hukubali kutuma, ni sawa na barua 500 za aina hiyo. Na video za harusi zenye uzito wa megabaiti 100 kila moja zikifika 150, nafasi yote imekwisha hata kama hakuna barua iliyosomwa.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba hujazwa zaidi na vikubwa vichache. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda siku nzima akifuta barua moja moja na asione tofauti yoyote.

Idhini ya mwenyewe kwanza

Barua pepe ni mali ya mwenyewe hata akiwa hajui kuitumia. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda haki ya kila mtu ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 nayo inafanya kuwa kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyo haikutenga watoto wala wajukuu.

Hata pasipo sheria, heshima inataka mzee aulizwe. Ndani ya kikasha mna mambo ya mshahara, mkopo, hospitali na pengine kesi ya shamba ambayo hakutaka watoto waijue. Njia bora ni kukaa naye pamoja, simu au kompyuta ikiwa mbele ya wote wawili, na yeye mwenyewe aandike nywila yake. Kisha aulizwe maswali matatu: ni barua za nani asizotaka ziguswe? Kuna kitu anachotaka kisisomwe? Je, kuna picha au barua za marehemu anazozihifadhi?

Swali la tatu ndilo hupuuzwa sana, na ndilo huleta majuto. Cheti cha KRA kikipotea, kinaweza kutolewa kingine. Barua ya mwisho ya mke au ya kaka aliyefariki haina pa kuombwa tena.

Tazama kilichojaza

Kabla ya kufuta chochote, fungua akaunti ya Google na uingie katika sehemu inayoonyesha matumizi ya nafasi. Ukurasa huo hugawanya hesabu: barua zimechukua kiasi gani, faili kiasi gani na picha kiasi gani. Ikiwa barua zimechukua gigabaiti 2 na picha 12, kusafisha kikasha pekee hakutamaliza tatizo.

Kazi hii ni nyepesi zaidi kwenye kompyuta kuliko kwenye simu. Kwenye kompyuta, unaweza kuchagua barua zote zilizoonekana kwenye ukurasa kwa mara moja, kisha ukaambiwa uchague na zile nyingine zote zinazofanana nazo. Asiye na kompyuta nyumbani anaweza kuifanya katika saiba au maktaba ya umma, mradi atoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka na asikubali kompyuta ile ihifadhi nywila.

Okoa kabla ya kufuta

Hatua hii isirukwe. Tafuta kwanza stakabadhi ambazo mwenyewe atazihitaji, uzipakue na uziweke mahali pawili, kwa mfano kwenye flashi na kwenye karatasi zilizochapishwa. Orodha ya kuanzia ni hii:

- Cheti cha PIN, fomu za P9 na stakabadhi za kuthibitisha kwamba ripoti za mapato ziliwasilishwa. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za ushuru zihifadhiwe kwa miaka 5.
- Barua za kuajiriwa, kupandishwa cheo, kustaafu na za pensheni.
- Taarifa za Sacco, benki na bima.
- Risiti za ada za ardhi, mikataba ya mauziano na nakala za hatimiliki.
- Risiti na vibali vya biashara.
- Vyeti vya shule na barua za basari.
- Ripoti za hospitali na usajili wa bima ya afya. Barua za iliyokuwa NHIF zisifutwe kwa sababu tu SHA ilichukua nafasi yake Oktoba 2024. Huenda zikahitajika kuthibitisha michango ya zamani.

Njia rahisi ya kuzipata ni kuandika neno moja katika kisanduku cha kutafutia: "KRA", "pension", "receipt", "Sacco" au jina la mwajiri wa zamani. Barua ambazo mzee angependa zibaki ziwekewe alama ya nyota ili zisichanganywe na zinazofutwa.

Futa kwa makundi

Baada ya kuokoa, anza na vizito. Katika kisanduku cha kutafutia andika has:attachment larger:10M. Gmail italeta barua zote zenye viambatisho zinazozidi megabaiti 10. Nyingi zitakuwa video, hotuba za mikutano na picha za sherehe. Pitia orodha hiyo pamoja na mwenyewe, kwa kuwa hapa ndipo barua chache hurejesha nafasi kubwa. Ukimaliza, shuka hadi larger:5M.

Kundi la pili ni matangazo. Andika category:promotions older_than:1y ili kuona matangazo yaliyozidi mwaka mmoja. Ofa ya kiatu ya mwaka 2019 haina wa kuililia. Hata hivyo, pitisha macho kwanza, maana wakati mwingine Gmail huweka risiti au taarifa ya benki katika kundi hilo.

Kundi la tatu ni la mtumaji mmoja mmoja. Andika from: ukifuatisha jina la mtandao wa kijamii, duka au tovuti ya kazi inayotuma kila siku. Utashangaa kukuta barua elfu moja kutoka mahali pamoja.

Hapo kuna mambo mawili yanayowachanganya wengi. La kwanza, kuweka barua kwenye kumbukumbu si kuifuta. Huondoka machoni lakini nafasi haipungui hata kidogo. La pili, barua iliyofutwa huenda kwanza kwenye pipa la taka na kukaa humo siku 30, na muda huo wote bado inahesabiwa. Mwenye haraka ya kupokea barua leo hana budi kumwaga pipa hilo na lile la barua taka pia. Lakini kabla ya kulimwaga, litazamwe mara moja zaidi, kwani kilichomwagwa hakirudi. Asiye na haraka aliache siku 30 zipite ili mwenyewe apate muda wa kukumbuka kama kuna kilichofutwa kimakosa.

Tahadhari kuhusu picha

Ikiwa picha ndizo zilizojaza nafasi, usikimbilie kufuta. Simu ikiwa imewekwa kuhifadhi picha moja kwa moja kwenye Google Photos, picha ikifutwa kwenye programu hiyo hufutika na kwenye simu pia. Watu wamepoteza picha za mazishi na za ubatizo wakidhani kwamba nakala ya simu ingebaki.

Pakua kwanza picha zote muhimu kwenye kompyuta au flashi, uzifungue kuhakikisha zinaonekana, ndipo ufute. Picha zilizokuwa zimehifadhiwa huko hukaa kwenye pipa la Google Photos kwa siku 60, kwa hivyo kuna muda wa kuziokoa kama pipa halijamwagwa.

Kisha ziba chanzo. Katika mipangilio ya WhatsApp, zuia picha na video za vikundi zisijiweke zenyewe kwenye simu. Pia hakikisha hifadhi ya mazungumzo haijumuishi video. Mzee aliye katika kikundi cha kanisa, cha chama na cha ukoo hupokea video nyingi kwa siku kuliko anazoweza kutazama kwa wiki, na zikihifadhiwa zote zinakula nafasi na bando lake.

Punguza zinazoingia

Kufuta bila kuzuia ni kuteka maji kwa pakacha. Barua za matangazo zinazotoka kwa kampuni inayojulikana huwa na kiungo cha kujiondoa, mara nyingi chini kabisa, kilichoandikwa "Unsubscribe". Kukibonyeza humwondoa mwenyewe kwenye orodha ya watumiwa.

Mtumaji asiyejulikana ni suala jingine. Usibonyeze chochote ndani ya barua yake, hata kiungo cha kujiondoa, kwa sababu kufanya hivyo kunaweza kumthibitishia kwamba anwani ina mtu. Barua ya namna hiyo iripotiwe kuwa taka kwa kutumia kitufe cha Gmail yenyewe.

Walaghai wanajua pia kwamba vikasha hujaa. Hutuma barua ya kutisha: "Nafasi yako imekwisha, bonyeza hapa au akaunti itafungwa leo." Anayebonyeza hupelekwa kwenye ukurasa wa bandia unaomwomba nywila au nambari ya kadi ya benki. Njia salama ni kuiacha barua hiyo, kufungua akaunti moja kwa moja na kutazama hesabu ya nafasi. Vilevile, barua inayodai kutoka serikalini ikaguliwe anwani yake. Tovuti za serikali nchini huishia na .go.ke, kama kra.go.ke na ecitizen.go.ke.

Funga mlango

Anwani nyingi zilizofunguliwa saiba bado zina nywila iliyochaguliwa na mhudumu, pengine jina la mteja na mwaka wake wa kuzaliwa. Baadhi zina nambari ya simu ya mhudumu huyo kama njia ya kurejesha akaunti. Maana yake ni kwamba mtu mwingine anaweza kuingia katika iTax na eCitizen ya mzee bila kuvunja kufuli lolote.

Baada ya kusafisha, fanyeni mambo manne. Badilisheni nywila na mwenyewe achague ile atakayoikumbuka. Wekeni nambari ya simu ya mwenyewe ya kurejeshea akaunti na muiondoe isiyo yake. Tazameni orodha ya simu na kompyuta zilizounganishwa na akaunti na muondoe msizozitambua. Mwisho, washeni uthibitisho wa hatua mbili, ambao hudai idhini kutoka kwenye simu yake kabla ya mgeni kuingia.

Ikiwa nywila itaandikwa kwenye daftari, daftari hilo likae pamoja na hatimiliki na vyeti, si ndani ya pochi ya simu. Na ifahamike kwamba hakuna afisa wa kaunti, wa KRA wala wa benki mwenye haja ya kuijua nywila ya mwananchi ili amhudumie.

Dakika chache kila mwezi

Kikasha kilichosafishwa mara moja hujaa tena kisipotunzwa. Dakika 15 kila mwisho wa mwezi zinatosha: tafuta vizito, ondoa matangazo, pakua stakabadhi mpya na umwage taka. Familia inaweza kupanga kazi hiyo siku ambayo mtoto au mjukuu humtembelea mzee.

Kutofungua akaunti kabisa nako kuna hatari. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo. Nayo akaunti iliyozidisha nafasi kwa miaka 2 bila kupunguzwa inaweza kufutiwa yaliyomo. Mzee anayesema "mimi hiyo kitu siitumii" huenda anapoteza kumbukumbu zake bila kujua.

Jambo la mwisho ni gumu kulizungumza, lakini lina manufaa. Mipangilio ya Google humruhusu mwenye akaunti kuchagua watu wasiozidi 10 watakaojulishwa akaunti ikikaa kimya kwa muda anaoutaja mwenyewe, kati ya miezi 3 na 18, na kuamua ni vitu gani watapewa. Pasipo mpango huo, Google haiwapi jamaa nywila ya marehemu, na familia inaweza kujikuta ikitafuta nambari ya bima au taarifa ya Sacco iliyo ndani ya akaunti isiyofunguka. Mzee akiwa bado ana nguvu na yuko hapo mezani, aonyeshwe sehemu hiyo, aelezwe kazi yake, kisha aachwe aamue mwenyewe atawaandika akina nani.